Mama mkwe kanipa kanga yenye maneno, mume ananyamaza, grupu la familia limenuna: nifanyeje?

*Swali: Nimezaliwa na kukulia Nakuru, Kenya, nikaolewa Tanga. Huu ni mwaka wa pili na tunaishi kwa wakwe. Siku moja tukila nilimwambia mama mkwe wazi kwamba tungependa kupanga nyumba yetu. Akasema, "Haya, mwanangu." Wiki iliyofuata akanipa kanga iliyoandikwa "Maji ukiyavulia nguo yaoge". Mume nikimuuliza kuhusu kuhama ananijibu "tutaona". Mwezi uliopita niliandika maoni yangu juu ya wagombea kwenye grupu la WhatsApp la familia, lenye watu zaidi ya arobaini. Hakujibu hata mmoja, lakini usiku mume alinigombeza. Je, huu ni utamaduni wa pwani, ni wanaume, au ni mimi? Na ile kanga niirudishe?*

Dada, kanga usiirudishe. Ukiirudisha utakuwa umejibu, tena kwa sauti ambayo nyumba nzima itaisikia.

Mambo yako matatu ni jambo moja. Mara zote tatu ulichosema hakikuwa kibaya. Ila kilisemwa na mtu asiye wake kukisema, mahali ambapo aliyeambiwa hakuweza kukijibu. Watu wa bara hupenda kusema kwamba watu wa pwani "hawasemi". Wanasema sana. Wamegawana tu: neno hili ni la shangazi, hili la bibi, hili la shemeji, na hili halisemwi mpaka mtu aulizwe. Ukishajua mgawo huo, nusu ya unachokiita kimya utakisikia kikizungumza.

Tuanze na kanga, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Doti ina pande mbili, kila upande kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Jina limewekwa ili mtu aseme bila kufungua kinywa, na akibanwa aweze kukana: "Mimi nilipenda rangi tu." Kwa hiyo maneno peke yake hayakupi maana. Tazama yaliyoyazunguka.

La kwanza kutazama ni kama kanga ilivaliwa au ilitolewa. Kijembe kwa kawaida huvaliwa. Anayekulenga hujifunga mwenyewe na kupita mbele yako mara mbili tatu, au huianika kwenye kamba iliyoelekea dirisha lako. Kanga inayokabidhiwa mkononi kwa kawaida ni hisani, hata ikiwa na funzo ndani yake. Kisha angalia kama ulipewa doti nzima, kama ilikuwa mpya na haijakatwa, na nani alikuwepo. Aliyekupa faraghani amekulindia heshima. Mwenye nia ya kukuumbua angehakikisha mawifi wamekaa. Mwisho tazama siku. Kanga ya Idi au ya uzazi haina haja ya kuchunguzwa sana, lakini yako imekuja wiki moja baada ya maneno ya mezani. Hilo ni jibu, usijidanganye.

Jibu gani sasa? Methali aliyoichagua ina milango miwili. Inaweza kuwa "umeshaolewa kwetu, vumilia". Inaweza pia kuwa "umeshaanza habari ya kuhama, basi uimalize kama inavyotakiwa kumalizwa". Mtu mzima huchagua maneno ya namna hii makusudi, ili siku ukihama kwa heri awe alikutia moyo, na ukihama kwa shari awe alikuonya. Kumwendea na kumwuliza "mama, ulimaanisha nini?" ni kumfungia milango yote miwili. Kawaida ya mafumbo ni kwamba anayeitika ndiye aliyelengwa, na ukiitika kwa hasira umekwishakubali maana iliyo mbaya kuliko zote. Kata doti, pinda ncha, jifunge ukiwa kazini hapo nyumbani, sema "Ahsante mama, imenipendeza," na uishie hapo. Ukitaka kuongeza uzito, upande mmoja mpe wifi yako mkubwa. Wanawake wanaogawana doti moja wanaonekana wako pamoja, na mama mkwe ataliona hilo kabla hujamweleza.

Juu ya utamaduni, sitakuambia kwamba Wakenya hawana adabu, ingawa bila shaka umeshasikia hivyo. Kiswahili cha Nakuru kimekulia sokoni na barabarani, kati ya watu ambao kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, na ufupi wake ni njia ya kutompotezea mwenzako wakati. Ukisema "nipe maji" huko, umeomba. Tanga hiyo ni amri. Huku karibu kila kitu huombwa kwa "naomba": naomba maji, naomba nipite, naomba nikuulize. Usihesabu neno hilo kuwa unyenyekevu wa kupita kiasi, maana hata mkubwa humwambia mdogo. Ndivyo ilivyo pia kwa shikamoo, ambayo kwa Wakenya wengi wa bara ni salamu ya watoto wa shule. Mkwe, shangazi na mjomba wa mume, hata jirani aliyekupita umri, hungoja kuisikia kila siku, si mara moja kwa wiki. Na baada ya marahaba usirukie haja. Pitisha walau raundi mbili nyingine: za kutwa, afya, watu wa nyumbani. Mwenye haja anayesalimu haraka huonekana amekuja na ugomvi.

Kuna swali moja ambalo huenda lilikukera bure: "Wewe kabila gani?" Kwa mtu wa Nakuru, mji ulioona ghasia mbaya za Januari 2008 baada ya uchaguzi, swali hilo lina harufu ya kura na ya damu. Tanzania mara nyingi anayeuliza anatafuta utani. Wapare na Wachagga ni watani, Wanyamwezi na Wazaramo vilevile, na akijua kabila lako anajua kama ana ruhusa ya kukuchokoza. Usiponuna, na ukimrushia lako, umepata mtu wa kuongea naye kwa uhuru.

Sasa mume. Unauliza kama ni tabia ya wanaume. Madai kwamba mwanamke husema maneno 20,000 kwa siku na mwanamume 7,000 yamezunguka sana mitandaoni, lakini watafiti waliowafungia vinasa sauti wanafunzi 396 wa vyuo vikuu nchini Marekani na Mexico, wakachapisha matokeo mwaka 2007, walipata takriban 16,000 kwa kila upande. Tofauti kati yao ilikuwa ya mia chache tu. Hata kusema kwa kuzunguka hakuna jinsia yake. Nchini Madagaska, mwanaisimu Elinor Keenan aliandika mwaka 1974 juu ya kijiji cha nyanda za juu ambako wanaume ndio wanaosema kwa mafumbo na kuepuka kumkosoa mtu usoni, na wanawake ndio wanaokemea waziwazi na kubishana bei sokoni. Pwani yetu ustadi wa kanga na mipasho uko mikononi mwa wanawake. Jinsia ni zilezile, kazi zimegeuzwa.

Linaloeleza zaidi ni nani anataka mabadiliko. Watafiti wa ndoa Andrew Christensen na Christopher Heavey walichapisha mwaka 1990 utafiti juu ya wanandoa wakizungumza mada mbili, moja aliyoileta mke na nyingine aliyoileta mume. Katika mada ya mke, mke alisukuma na mume akajitoa. Katika mada ya mume, tofauti hiyo haikuonekana. Anayetaka kitu kibadilike husukuma, na yule ambaye hali ya sasa haimsumbui hunyamaza. Mume wako amelala nyumbani kwa mama yake, anapikiwa na watu wawili. Hana haraka. Tena hata angekuwa nayo, kuhama kwa mtoto wa kiume ni jambo la baba zake wakubwa na wadogo na la mjomba wake. Akikuambia "ndiyo" leo usiku, kesho atalazimika kuwaeleza wazee kwa nini walisikia mwisho. "Tutaona" maana yake ni "sina ruhusa bado", na yeye mwenyewe huenda halijui hilo vizuri.

Jifunze kupima majibu yake. "Inshallah" ikifuatwa na siku, kama "Inshallah Jumamosi", ni ahadi. "Inshallah" ikifuatwa na habari ya chakula ni hapana ya upole. "Tutaona" ni swali ambalo halijampata mwenyewe, kwa hiyo kuliuliza tena kesho yake kunamgandisha zaidi. Uliza swali dogo linalojibika: "Kama tungetaka kuwaeleza wazee, nani angefaa kuanza?" Uliza mkiwa njiani au mkifanya kazi pamoja, siyo mmekaa mnatazamana kama mko mahakamani.

Familia zimepimwa na wataalamu pia. Jack McLeod na Steven Chaffee, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, miaka ya mapema ya 1970, walitaka kujua watoto wanajifunzaje siasa, wakakuta familia zinatofautiana kwa mambo mawili: kiasi gani watu wanahimizwa kutoa mawazo yao, na kiasi gani wanatakiwa kukubaliana na wakubwa. Ukichanganya hayo unapata familia za namna nne. Wapo wanaobishana kwa uhuru, wapo wanaojadili sana lakini mzazi ndiye anayekata shauri, wapo wanaotii bila mjadala, na wapo ambao kila mtu ana lake. Ni kipimo kizuri, ila kilitengenezwa kwa familia ya baba, mama na watoto kuzunguka meza moja. Nyumba ya Tanga ina meza tatu. Barazani wanaume wanakubaliana na mkubwa wao. Uani wanawake wanabishana mpaka jiko linazima. Chumbani kwa bibi kila mtu anasema lake. Ukiipima familia hii kwa alichosema baba mkwe barazani utaikosea, na wewe ulilitoa neno la uani mezani, mbele ya wote.

Kwa hiyo ombi la kuhama lianze upya, kwa njia yake. Mtafute mjumbe. Sifa zake ni tatu: mama mkwe humsikiliza, hana kisasi nyumbani humo, na umri wake haupungui wa mama mkwe kwa mbali. Kwa ndoa yenu anayefaa zaidi ni shangazi wa mume, kwani dada wa baba ana sauti kwa kaka yake na ana haki ya kumwambia wifi yake mambo. Kama bibi mzaa baba yuko hai na akili yake iko sawa, huyo ni hazina. Bibi na mjukuu ni watani, humwita "mume wangu" mbele za watu, na anaweza kumuuliza huku akicheka, "Mume wangu, mke mwenzangu huyu utamjengea lini?" Swali ambalo wewe ulilisukuma miezi sita yeye atalimaliza kwa mzaha mmoja, na hakuna atakayeona amevunjiwa heshima.

Kabla ya kwenda kwa mjumbe, mume ajue. Hili halina mjadala: mume akisikia kwa shangazi kwamba mkewe alikwenda kumsemea, umeharibu njia zote mbili. Nenda baada ya alasiri, siyo saa ya kupika, na usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na paketi ya majani ya chai zinatosha, kwa sababu ukizidisha utaonekana unanunua. Kaa, salimu, kunywa chai. Haja yako itaje baada ya kuulizwa "mna habari gani huko?" Na neno la kuanzia ni "nimekuja kuomba shauri". Ukianza na malalamiko umemfanya hakimu, na hakimu hulazimika kusikiliza upande wa pili kabla ya kukusaidia. Ukiomba shauri umemfanya mzazi.

Ujumbe uwe mfupi, kwani ataubeba kichwani. Mambo matatu tu: mnachotaka, sababu isiyomlaumu mtu, na kile ambacho hakitabadilika. Mfano: mnaomba baraka za kupanga vyumba viwili mtaa wa jirani, sababu ni kwamba mnatarajia kuongeza familia na chumba kimewabana, na Ijumaa zote mtakula kwa mama kama kawaida. Sehemu ya tatu ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo mama mkwe anayoisubiri. Haogopi vyumba viwili. Anaogopa kuulizwa na majirani kwa nini mwanawe amehama.

Kisha ngoja. Wiki mbili si nyingi. Usimpigie mjumbe kumwuliza amefikia wapi, na usitume mjumbe wa pili huku wa kwanza yuko njiani. Hilo la wajumbe wawili ndilo linaloharibu mambo mengi kuliko yote, kwani kila mmoja atafika na maneno yake na wazee watadhani mnawachezea. Jibu nalo halitakuja kama jibu. Mama mkwe akianza kusema "mtakapokuwa kwenu", au akakuonyesha sufuria ambayo haitumii, umekubaliwa. Ukisikia habari za mtoto wa fulani aliyehama akapata taabu, bado.

Kuna mambo hayapitii njia hii hata kidogo. Mtu akikupiga, akichukua fedha zako, au mtoto akiwa mgonjwa na dawa zinachezewa, fumbo halifai na mjumbe hafai. Hapo sema wazi, kwa anayeweza kuzuia, hata kama nyumba itatikisika. Vituo vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto kwa ajili hiyo. Adabu ya kuzungukazunguka ni ya watu wanaotakiana mema.

Tuje kwenye siasa na lile grupu. Grupu la WhatsApp limefanya jambo ambalo nyumba ya pwani haikuwahi kulifanya: limewaweka baraza, uani na chumba cha bibi kwenye chumba kimoja, pamoja na binamu walioko Muscat na watoto wa kidato cha pili. Hakuna anayeweza kukujibu humo bila kuwajibu wote. Mjomba akikubaliana na wewe amempinga kaka yake mbele ya wanawe, na akikupinga amebishana na mke wa mtoto. Basi wananyamaza, na kimya chao kinasomeka kama hukumu wakati wengi wao pengine walicheka kimoyomoyo.

Hofu hiyo ina asili yake pia. Zanzibar, baada ya uchaguzi wa 1995, mgawanyiko wa vyama vya CCM na CUF uliingia mpaka majumbani, hasa Pemba. Watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, wakasusiana hata mazishi, na kususa maziko ni jambo ambalo jamii hizi hazilisahau. Maridhiano ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF yalikuja Novemba 2009, na Julai 2010 theluthi mbili ya wapiga kura wakaridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Familia nyingi za Tanga zina ndugu huko. Ongeza Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu kusambaza taarifa za uongo, na urahisi wa mtu kupiga picha ya skrini, utaelewa kwa nini mume alikugombeza usiku na si mchana. Aliogopa kwa niaba ya watu wengi.

Usiufute ule ujumbe sasa. Muda wa kuufuta umeshapita, na kila mtu ameshausoma. Mpigie simu mkubwa wa grupu, usimwandikie, sema: "Mjomba, samahani, nilisahau kwamba tuko wote mle." Sentensi hiyo moja inatosha. Humwombi radhi kwa maoni yako. Unaomba radhi kwa mahali ulipoyatolea, naye ataisikia tofauti hiyo mara moja. Siku mbili tatu baadaye ingia grupuni na jambo la kawaida: pole kwa mgonjwa, hongera kwa mtihani. Usirudi na mzaha juu ya tukio lenyewe.

Wala maoni yako si lazima yafe. Yapeleke kwa mdogo wake mume, ambaye kwako ni shemeji na ana ruhusa ya utani, mkiwa watatu au wanne ana kwa ana. Anza na bei ya sukari, barabara ya mtaani au ada, kisha acha majina ya vyama yaje yenyewe. Mpira nao ni mlango mzuri. Jifunze walau kwamba Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, ndio Wagosi wa Kaya na kwamba walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988. Tanga mtu anayejua hilo husamehewa mengi, hata kura yake.

Turudi kwenye kanga. Siku mtakapopewa baraka za kuhama, mnunulie mama mkwe doti moja kabla hamjahamisha kitanda. Soma jina kabla ya kulipa, lisome mara mbili, na usichague methali. "Nani kama mama" imechoka kwa kutumika, lakini haina mlango wa nyuma. Ipeleke nzima, haijakatwa, umkabidhi kwa mikono miwili akiwa peke yake. Akiivaa siku ya kuwasindikiza, usiseme kitu.